Hata kilo haifiki

Saa nne za usiku, mama mmoja muuza uduvi wa Nyamisati alilinyanyua begi la mwanawe ili alisogeze karibu na mlango. Kijana alikuwa anasafiri alfajiri kwenda Kilindoni, Mafia, na mama alitaka asilikanyage gizani. Alipolinyanyua, akasita. Begi lilikuwa limevimba kama limejaa nguo za mwezi mzima, lakini lilikuwa jepesi.

Mkono ule si wa kudanganywa. Amekaa miaka mingi karibu na gati akiwauzia wasafiri uduvi kwa kibaba na kamba wakavu kwa kilo. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mkata mikoko, akihesabu boriti kwa korija, ishirini ishirini. Mama yake, ambaye bado yupo na ndiye bibi wa nyumba ile, alipima mpunga kwa pishi, vibaba vinne pishi moja, na kwa debe mwaka ukiwa mzuri. Mtoto wa nyumba kama hiyo hukua akijua kwamba kitu kikubwa chenye uzito mdogo ni ama pamba, ama majani makavu.

Akalifungua. Chini ya mashati mawili na taulo alikuta furushi la nailoni lililozungushiwa gundi ya kahawia, ukubwa wa mkate. Harufu yake hakuhitaji kuambiwa. Aliijua tangu utotoni, ikija na upepo kutoka nyuma ya mabanda ya wavuvi.

Kijana alikuwa nje anasuuza miguu. Ana miaka kumi na tisa. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, na tangu hapo anabeba mizigo ya abiria gatini, analipwa kwa mzigo.

"Hii nini, mwanangu?"

"Mzigo wa mtu, mama."

"Mtu gani?"

"Jamaa mmoja, alishuka juzi na gari la Dar. Nampelekea mwenzake Kilindoni. Ananipa elfu ishirini."

"Na ndani kuna nini?"

Kimya. Kisha kijana akasema maneno ambayo mama yake anayarudia hadi leo akisimulia: "Mama, ni kidogo tu. Hata kilo haifiki."

Hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo, na wapo vijana wengi wanaoamini hivyo, kwa sababu mtaani bangi haina mizani. Huitwa kete, msokoto, puli. Kete ya huyu si sawa na kete ya yule, na hakuna wa kumshitakia kama umepunjwa. Ni biashara ya fungu, kama nyanya za barazani: macho ndiyo mizani, na bei ni ile mliyokubaliana. Hata magazeti huandika hivyohivyo, kwamba fulani amekamatwa na kete arobaini au misokoto kumi na miwili, na msomaji hubaki na picha ya vitu vidogovidogo vya kuhesabika kwa vidole. Kijana anayesikia kete na misokoto kila siku hawezi kujua kwamba siku ya shida hesabu itafanywa kwa gramu.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda ukutani akaitoa mizani yake, ile ya kuning'iniza yenye ndoano na uso kama wa saa, aliyokwisha kuipeleka ikakaguliwa na watu wa Wakala wa Vipimo kama wafanyabiashara wenzake. Akalifunga furushi kwa kamba, akalitundika. Mshale ukacheza, ukatulia. Gramu mia nane na ushei.

Akaketi chini. Baadaye alieleza kwamba mpaka mshale unatulia alikuwa na hasira tu, hasira ya mzazi aliyekuta kitu kibaya begini. Aliposoma namba ndipo alipoogopa, maana alijua kwamba kuna mtu mwingine mahali fulani ambaye angekitundika kitu hichohicho na kuisoma namba hiyohiyo, na kuiandika.

Alimpigia kaka yake, anayekaa Kibiti mjini, karani mstaafu wa mahakama. Simu ya saa nne na nusu usiku kutoka kwa dada ni ya msiba au ya mtoto. Yule mzee aliitika akiwa ameshakaa kitandani.

"Dada, mtoto yupo hapo?"

"Yupo."

"Weka simu wote msikie."

Aliyowaambia usiku ule yanafaa kusikika katika nyumba nyingine pia. Tanzania Bara ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017 na tena baadaye. Bangi imo humo pamoja na mirungi, heroini na kokeini. Uzito ndio unaoamua mtu atashitakiwa chini ya kifungu kipi. Kiasi kidogo kilichothibitika kuwa cha mtu kuvuta mwenyewe kina kifungu chake. Kikizidi hapo na kuonekana ni cha biashara, adhabu inayotajwa ni kifungo cha miaka 30. Na kuna uzito mkubwa ambao ukifikiwa, adhabu ni kifungo cha maisha. Mipaka hiyo imewahi kubadilishwa, kwa hiyo anayeijua kwa kusikia kijiweni huenda anaijua ya zamani.

"Lakini mjomba, mimi siuzi," kijana akasema. "Nabeba tu."

Mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyesikia kauli hiyo kizimbani mara nyingi.

Neno "kusafirisha" katika sheria ile, alieleza, ni pana kuliko linavyosikika. Halimaanishi kupakia mzigo chomboni peke yake. Ndani yake mna kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, kupeleka, kukabidhi, hata kuwa nacho. Anayemtunzia rafiki begi chini ya kitanda na anayelivusha bahari wanaweza kusomewa neno hilohilo. Na sheria haimsahau mwenye nyumba au mwenye chombo anayeruhusu, huku akijua, mahali pake patumike kwa shughuli hiyo.

Hapo mama akatazama kitanda cha mwanawe, akatazama mlango.

Bibi alikuwa ameamka. Alitoka chumbani na kanga yake begani, akauliza kuna nini, akaambiwa. Kijana, akitafuta pa kushika, akasema kwamba nchi nyingine mambo haya yameruhusiwa, amejionea mwenyewe kwenye simu, watu wananunua dukani na kupewa risiti. Hilo nalo ni kweli, na mzazi anayelikana mbele ya mtoto mwenye intaneti anajipotezea heshima bure. Kanada iliruhusu tangu Oktoba 2018. Lakini hata huko kuna mizani: mtu mzima haruhusiwi kutembea na zaidi ya gramu 30 za bangi kavu hadharani. Uholanzi, maduka yanayovumiliwa humuuzia mtu gramu 5 tu kwa siku. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa kuitumia faraghani kwake, lakini haikuruhusu biashara. Thailand iliilegezea mwaka 2022, na mwaka 2025 ikarudi kudai cheti cha daktari. Furushi lililokuwa limening'inia pale ukutani Nyamisati lingemtia matatani mtu Toronto pia.

"Huko kwenye sinema wanasema aunsi," kijana akaongeza, kwa sauti ya chini sasa.

"Aunsi si ndiyo wakia?" bibi akauliza. "Wakia kumi na sita ratili moja. Wakia ni gramu ishirini na nane na kidogo." Akaliangalia furushi kwa jicho la mtu aliyepima zafarani na ubani maisha yake yote. "Hizo ni wakia thelathini, hazipungui ila kidogo. Nani anavuta wakia thelathini peke yake?"

Swali lile lilimaliza ubishi. Ndilo swali ambalo hata hakimu angeuliza, ingawa asingekuwa amevaa kanga.

Ikabaki lililo gumu zaidi: kitu chenyewe kifanyweje. Mama alitaka kwenda kukitupa mkondoni, maji yanatoka, yakichukue. Kaka yake alimkataza. Mwenye mzigo atakuja kuudai, na kijana atakuwa na deni kwa mtu asiyejulikana anakolala. Kumrudishia mwenyewe? Huko ni kukabidhi, na kukabidhi ni neno mojawapo kati ya yale yaliyosomwa. Kukilaza ndani mpaka asubuhi? Kila saa kinayokaa, nyumba ni ghala. Alimwambia dada yake akiweke palepale mezani, mtu asikifungue, asichukue wala kupunguza hata jani. Yeye anakuja.

Watu wa Kibiti wana sababu yao ya kuogopa begi la mgeni. Mwaka 2016 na 2017, watu walipokuwa wakiuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na askari wakiwamo, kubeba kitu cha mtu usiyemjua hakukuwa jambo dogo. Kijana huyu alikuwa mtoto wakati huo. Mama yake alikuwa mtu mzima, na kati ya saa tano na alfajiri aliyakumbuka yote. Alikuwa akisema moyoni: nikimpeleka nampoteza, nisipompeleka nampoteza.

Mjomba alifika na bodaboda kupitia Bungu kabla ya swala ya alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaoge. Vaa shati zuri. Tunakwenda sote."

Walimpitia mwenyekiti wa kitongoji ili awe shahidi, wakaenda kituoni watu wanne na furushi. Chombo cha Kilindoni kiliondoka na maji bila yule kijana. Simu ya jamaa wa Dar ilipigwa mara tatu mbele ya askari. Mara ya kwanza iliita. Baada ya hapo haikupatikana tena.

Furushi lilipimwa upya, kwa mizani ya namba nyekundu, mbele yao wote. Gramu 823. Mama akasema moyoni kwamba mizani yake haijaharibika, na akaona haya kwamba hilo ndilo lililomjia. Hati ya ukamataji ikajazwa, kila aliyekuwepo akaweka sahihi, furushi likafungwa na kutiwa lakiri ili lipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Huko ndiko inakoandikwa ripoti itakayosomwa mahakamani: kitu hiki ni nini, na kina uzito gani. Mjomba alisoma kila karatasi mara mbili kabla ya kutia wino. Aliwahi kuona kesi zikiyumba kwa sababu uzito wa karatasi moja haukulingana na wa nyingine, na hakutaka namba ya mpwa wake ikue njiani.

Kijana alibaki ndani siku nne. Kuna wasomaji watakaoona mama alikosea, kwamba mtoto aliyejisalimisha asingelala mahabusu hata usiku mmoja. Huenda. Lakini askari hawana mizani ya kupima nia ya mtu, na usiku ule nyumbani hakukuwa na njia iliyokuwa safi. Siku ya tano alitoka kwa dhamana ya mjomba wake, maelezo yake yakiwa yameandikwa, na uchunguzi ukiendelea. Walimtafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, na mama muuza uduvi ni mmoja wao.

Alipotulia, mama alimuuliza lile ambalo hakumuuliza usiku ule.

"Na wewe mwenyewe unavuta kiasi gani?"

"Msokoto mmoja. Jioni, tukishapakua. Siku nyingine nusu."

Alikuwa amejibu kwa kipimo cha kijiweni tena, na safari hii mama alijua la kuuliza. Msokoto wa nini? Kwa sababu hapa mizani nayo hufika mwisho wa uwezo wake. Gramu moja ya majani haikuelezi nguvu iliyomo. Kinacholevya ni kemikali iitwayo THC, na kiasi chake hutofautiana sana kati ya mmea na mmea. Marekani, ambako bangi inayokamatwa imekuwa ikipimwa kwa miaka mingi, wastani wa THC ulikuwa karibu asilimia 4 katikati ya miaka ya 1990. Miaka ya karibuni umevuka asilimia 15. Msokoto wa urefu uleule, moshi uleule, lakini kichwani unafika mara tatu au nne. Kwetu ile kali huitwa skanka, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kutangaza zaidi ya mara moja kukamata shehena zake. Mzazi anayesema "hata wazee wetu walivuta" anazungumzia kitu kingine.

Kijana alisema anavuta ya kawaida. Kisha akakiri kwamba mara mbili alipewa "ya mjini", na mara ya pili moyo ulimwenda mbio akadhani anakufa, akajificha nyuma ya shehena za nazi hadi ukatulia. Hakumwambia mtu. Mama alikumbuka jioni ile. Alidhani ni homa, akampa mwarobaini.

Kuna na zile za kuliwa. Mamlaka imewahi kukamata biskuti na asali zilizochanganywa na bangi, na hizo ndizo zinazomtisha mama mwenye mtoto mdogo pia, maana mdogo wake kijana huyu ana miaka sita na hapiti mbele ya biskuti. Bangi iliyoliwa haifanyi kazi upesi kama moshi. Huchukua nusu saa, saa nzima, hata mbili. Mtu hula moja, haoni kitu, huongeza ya pili na ya tatu, kisha zote humfikia pamoja. Mtoto mdogo aliyekula huonekana kama anayesinzia, anayepepesuka, asiyeamka vizuri. Huyo ni wa kukimbizwa zahanati, na mhudumu aambiwe kweli bila kuficha, maana akifichwa atatafuta malaria.

Kwa heroini kuna methadoni. Kliniki ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Kwa bangi hakuna dawa ya kunywa ya namna hiyo. Kuna kuacha, kuzungumza, kukaa mbali na kijiwe, na kupata usingizi tena, ambao wiki za mwanzo husumbua. Kijana alianza kubeba mizigo asubuhi tu, jioni anarudi kushona nyavu barazani pa jirani. Anakasirika upesi. Bibi anasema hata aliyeacha sukari hukasirika. Mamlaka ina namba ya simu ya bure, 119, na mama ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango, chini ya namba ya mwenye boti na ya mjomba.

Jamaa wa Dar hajaonekana tena. Mara moja kijana mwingine asiyejulikana alipita gatini akiuliza "yule dogo wa begi yuko wapi," na wabebaji wote wakasema hawamjui. Mama bado hulala akisikiliza pikipiki.

Kila Jumatatu kijana hupanda bodaboda kwenda kuripoti. Majibu ya Mkemia hayajasomwa kwake, na hakuna anayejua jalada litaishia wapi. Jumatatu iliyopita mama alimpa nauli na mfuko wa uduvi ampelekee mjomba. Kijana akanyoosha mkono kuchukua mizani ukutani, aupime, aandike.

"Iache hiyo," mama akasema. Akachota kwa kibaba, akajaza mpaka ukamwagika pembeni, akaongeza kiganja kimoja juu, akafunga mfuko. Kisha akaufungua tena mbele yake, akamwonyesha kilichomo, akaufunga.

"Haya. Sasa unajua unabeba nini. Nenda, bodaboda inakusubiri."